Mashine ya vakyumu yenye chemba: kufungasha sangara, mchuzi na dagaa nyumbani

Ukinunua sangara mzima pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nyumba ya watu watano haimmalizi siku hiyo. Nyama inayobaki huingia friza ndani ya mfuko mwepesi wa nailoni, na baada ya wiki kadhaa kingo za minofu zinakuwa nyeupe na kavu kama pamba, mafuta yake yananuka. Yote mawili yanaletwa na hewa. Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata mashine ya vakyumu yenye chemba, au anayejiuliza kama ainunue, na anataka kuitumia kwa samaki wetu wa ziwani bila kuhatarisha walaji.

Tofauti yake na zile ndogo zinazobana mdomo wa mfuko ni hii. Zile ndogo hunyonya hewa kutoka ndani ya mfuko tu, hivyo ukiweka mchuzi unafuata hewa hadi kwenye mashine. Hii yenye chemba unaulaza mfuko mzima ndani, unafunga kifuniko, pampu inatoa hewa ndani na nje ya mfuko kwa pamoja. Kwa kuwa msukumo uko sawa pande zote, mchuzi unatulia. Mdomo ukishachomwa, hewa inaruhusiwa kurudi kwenye chemba, nayo ndiyo inayokandamiza mfuko ukabana chakula. Faida nyingine ni mifuko: hii inatumia mifuko laini ya kawaida ya vakyumu, yenye bei nafuu kuliko ile yenye vinundu ambayo mashine ndogo huhitaji.

Kabla ya kugusa kitufe, naomba jambo moja likae kichwani: mashine hii inatoa hewa, haiui vijidudu. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayetengeneza sumu kali sana, hustawi mahali pasipo na oksijeni, na mfuko wa vakyumu ndio mahali hapo. Aina inayopatikana kwa samaki inaweza kukua hata kwenye nyuzi 3 na kitu za Selsiasi. Friji nyingi za nyumbani, hasa zinazofunguliwa kila mara, zina joto kuliko hapo. Kwa hiyo kinachohifadhi samaki wako ni baridi kali. Vakyumu inalinda ladha na unyevu wake tu.

Hatua ya 1: Iweke mashine na uielewe geji yake

Mashine hizi ni nzito, kwa hiyo tafuta meza imara isiyoyumba. Kama pampu yake ni ya mafuta, meza iwe sawa kabisa, na utazame kioo cha mafuta: yawe kati ya alama mbili. Ipitishe kwenye kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji, maana umeme unaporudi kwa kishindo huunguza bodi. Kisha iendeshe mizunguko michache bila kitu ndani ili mafuta yapate joto.

Sasa geji. Kitabu cha mashine kinaweza kukuonyesha mshale ukifika -1 baa, wewe ukauona unakwama karibu na -0.88. Usiogope. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina msukumo wa takriban milibari 880, yaani baa 0.88, si 1,013 kama Dar es Salaam au Tanga. Geji za aina hii hupima tofauti kati ya ndani ya chemba na hewa ya nje, kwa hiyo haiwezi kuonyesha zaidi ya hewa iliyopo. Fundi akikuambia pampu imechoka kwa sababu ya mshale huo peke yake, mwombe apime tena kabla hujatoa fedha. Pampu iliyochoka utaijua kwa jinsi inavyochelewa kufika pale ilipozoea kufika.

Hatua ya 2: Poza, poza kabisa

Hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na kazi mbovu, na ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa haraka ya kumaliza.

Maji huchemka mapema kadiri msukumo wa hewa unavyopungua. Hata sufuria yako hapa Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ndani ya chemba jambo hilo linafika mbali zaidi. Mchuzi wenye nyuzi 60 unaanza kuchemka chemba ikishuka hadi milibari 200. Wa nyuzi 25, yaani ulioachwa tu mezani, unachemka kwenye milibari 32. Uliotoka kwenye friji ukiwa na nyuzi 5 unavumilia hadi milibari 9 hivi. Ukiingiza mchuzi wa vuguvugu utauona ukifura, unapanda mdomoni, unachafua sehemu ya kuchomea, na mvuke wake unaingia kwenye mafuta ya pampu. Ukiingiza uliopoa vizuri, unatoa mapovu madogo kisha unatulia.

Kwa mchuzi wa sato au supu ya vichwa: ipua, mimina kwenye chombo kipana, kiweke ndani ya beseni la maji yenye barafu, koroga mpaka upoe, ndipo uingize friji hadi kesho yake. Usiache sufuria nzima mezani ipoe yenyewe usiku kucha.

Kwa samaki mbichi: toa ngozi na miiba, kata vipande vya mlo mmoja, kausha kwa kitambaa safi, vipange kwenye trei bila kugusana, viingize friza kwa saa moja au mbili mpaka vikaze juu. Nyama iliyokaza haikamuliwi maji na vakyumu, na mshono unabaki mkavu.

Hatua ya 3: Jaza mfuko

Kunja mdomo wa mfuko kuelekea nje, upana wa vidole vitatu, kabla ya kujaza. Ukimaliza kuurudisha, sehemu ya kuchomwa itakuwa haijaguswa na mafuta wala magamba. Mchuzi usizidi nusu ya mfuko. Minofu ipange safu moja, bapa; mfuko bapa unaganda upesi na friza inabeba mingi zaidi.

Andika tarehe na aina ya samaki kabla ya kujaza. Kalamu haishiki vizuri kwenye mfuko wenye ubaridi na unyevu.

Hatua ya 4: Laza, nyonya, choma

Mdomo wa mfuko ulale juu ya upau wa kuchomea, umepita kwa sentimita 2 hivi, bila mkunjo hata mmoja. Chakula kikiwa kidogo, weka chini yake vile vibao vya plastiki vinavyokuja na mashine: vinainua mfuko hadi usawa wa upau, na vinapunguza nafasi tupu, hivyo pampu inamaliza mapema.

Kwa minofu iliyokaza, nyonya mpaka mshale usimame, ongeza sekunde chache. Kwa mchuzi, tazama kupitia kifuniko bila kuondoa macho. Mapovu madogo ni hewa inayotoka. Ukiona umeanza kububujika na kupanda, bonyeza kitufe cha kusimamisha na kuchoma papo hapo kama mashine yako inacho.

Muda wa kuchoma, kwa mashine nyingi za nyumbani, anzia kati ya sekunde 2 na 3. Mshono mzuri ni wa kung'aa, umeshika upana wote, na ukiuvuta kwa mikono hauachi. Ukiwa na rangi ya kahawia au umejikunja, punguza muda, ukibanduka, ongeza. Zamisha mfuko wa kwanza kwenye maji na uuminye: mapovu yakitoka, urudie.

Umeme ukikatika katikati na kifuniko kikashikwa, usikichokonoe kwa kisu. Mpira wa kifuniko ukikwaruzwa mashine haitavuta tena. Subiri.

Hatua ya 5: Friza, halafu namna ya kuyeyusha

Ingiza mifuko friza mara moja, nyuzi -18, ikiwa imetengana mpaka igande, ndipo uipange. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa hutunza baridi kwa takriban saa 48 umeme ukikatika, na iliyojaa nusu saa 24 hivi. Kila unapochungulia unapunguza saa hizo. Samaki mwenye chembe za barafu bado anafaa: fungua mfuko, mpike siku hiyo. Aliyeyeyuka na kupata joto mtupe, hata kama hanuki, kwa sababu sumu ya botulinum haitambuliki kwa pua wala kwa macho. Mfuko uliovimba usiufungue ili kuonja.

Siku ya kupika, chana mfuko kwanza, ndipo umwache samaki ayeyuke ndani ya friji kwenye bakuli. Ukimyeyusha akiwa bado amefungwa, unampa yule bakteria vyote anavyotaka: unyevu, hali isiyo na hewa na joto la kutosha.

Kwa sababu hiyohiyo nawasihi wanaotuma samaki wa moshi kwa ndugu zao kwa basi. Samaki wa moshi anaonekana mkavu, lakini ndani ana unyevu. Usimfunge kwa vakyumu ukampakia safari ndefu ya Dar es Salaam bila barafu. Mfunge kwenye karatasi, apumue, au mtume akiwa ameganda ndani ya boksi la baridi.

Dagaa na michembe

Vitu vilivyokauka kweli havihitaji friza. Dagaa wa kuanikwa anayevunjika kwa sauti ukimkunja, michembe migumu (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa), majani ya kunde yaliyokaushwa: hivi vinakaa kabatini, gizani, na vakyumu inazuia mafuta ya dagaa yasichache na wadudu wasiingie. Shida ni ncha. Dagaa na michembe hutoboa mfuko pale hewa inaporudi na kuukandamiza, wakati mwingine tundu dogo usilolijua mpaka kesho yake. Vitie kwanza kwenye bahasha ya karatasi safi, kisha ndani ya mfuko mnene, na usinyonye hadi mwisho. Dagaa anayepinda bila kuvunjika mrudishe juani.

Baada ya kazi

Futa chemba na upau kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha. Kama ulifungasha mchuzi, endesha mizunguko kadhaa mitupu ili mvuke utoke kwenye mafuta. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, yabadilishe kabla ya kufungasha kitu kingine, kwa maana maji yaliyomo ndiyo yanayoitia pampu kutu.