Somo: Jinsi ya Kuikagua Meza ya Compas ya Jean Prouvé Kabla ya Kuinunua

Jean Prouvé alikuwa mhunzi kabla ya kuwa mbunifu wa samani. Alizaliwa Paris mwaka 1901, akakulia Nancy, mashariki mwa Ufaransa, akajifunza kufua chuma tangu ujana, na mwaka 1924 akafungua karakana yake mwenyewe mjini humo. Ninaanza na habari hii kwa sababu wanunuzi wengi hukimbilia kukagua ubao wa juu, ilhali ufundi wa meza hii, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, umo katika chuma chake.

Hatua ya kwanza: mwombe muuzaji mwipindue meza pamoja, juu ya blanketi. Neno la Kifaransa "compas" maana yake ni bikari, na ukiitazama miguu inavyotanuka miwili miwili utaelewa jina lilikotoka. Mguu wa meza hii si bomba la dukani. Ni bamba la chuma lililokunjwa na kuchomelewa hadi likawa na uwazi ndani, pana kule juu linakopokea uzito na jembamba kule chini linakogusa sakafu. Kanuni hiyohiyo aliitumia katika kiti chake cha mwaka 1934, ambacho miguu yake ya nyuma ni minene kuliko ya mbele kwa kuwa mtu anapoegemea, uzito huhamia nyuma. Pitisha kidole polepole kwenye kingo zote za mguu: ukikuta unene ni uleule kutoka juu hadi chini, huna haja ya kuendelea na ukaguzi.

Hatua ya pili: chunguza rangi. Mahali miguu ilipogongwa na viti kwa miaka mingi, rangi huchubuka bila mpangilio, na kutu nyepesi huonekana kwenye kingo. Rangi laini isiyo na dosari yoyote kwenye meza inayodaiwa kuwa na miaka 70 huashiria kwamba imepakwa upya, au kwamba meza yenyewe ni mpya.

Hatua ya tatu: linganisha ubao na chuma. Tazama matundu ya skrubu upande wa chini. Matundu ya ziada yaliyozibwa yanaonyesha kwamba ubao umebadilishwa, jambo linalopaswa kupunguza bei.

Hatua ya nne: dai historia ya umiliki kwa maandishi. Prouvé alipata kazi nyingi kutoka shule, vyuo na ofisi za umma, kwa hiyo picha ya zamani au hati ya taasisi ina uzito kuliko maneno matamu ya muuzaji.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, meza iliyotengenezwa na Vitra ni bandia?

Jibu: Hapana. Kampuni hiyo ilianza kutoa upya samani za Prouvé mwaka 2002, nayo ni matoleo halali. Kosa ni kuliuza toleo jipya kwa bei ya meza iliyotoka karakana ya Maxéville, karibu na Nancy, ambayo Prouvé aliifungua mwaka 1947 na kuondoka mwaka 1953 baada ya kupoteza mamlaka juu yake.

Swali: Nimerithi meza ya namna hii, na fundi wangu anashauri tuipige msasa na kuipaka rangi upya. Nikubali?

Jibu: Nakusihi usikubali. Rangi ya awali ni sehemu ya ushahidi wa umri wake, na ikishaondolewa hairudi. Futa vumbi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo, kausha mara moja, kisha paka nta kidogo sana mahali penye kutu ili unyevu usiendelee kukila chuma. Ikiwa mguu umepinda au kiungo kimeachia, mtafute fundi wa kuhifadhi samani za chuma kabla ya mtu yeyote kuwasha mashine ya kuchomelea, kwa kuwa bamba ni jembamba na joto jingi litalikunja.