Fundi wa kuosha nyumba kwa nje: nilivyompata wangu hapa Kigoma

Nyumba yangu ipo Mwanga, upande unaoteremka kuelekea ziwani. Niliijenga kwa pesa ya dagaa, gunia kwa gunia, na ukuta nikaupaka rangi ya maziwa kwa sababu naipenda. Kwa udongo wetu huu mwekundu, mwenye rangi ya maziwa ana kazi kila mwaka. Mvua zinarusha tope hadi usawa wa goti, upande wa nyuma usiopata jua unaota ukijani, halafu kiangazi kinaleta vumbi. Kwenye ukuta wa jiko la nje ndiyo usiseme, tunakaangia mawese hapo miaka yote.

Mwaka juzi nilimwita kijana mwenye mashine ya kuoshea magari. Alitaja bei akiwa bado amekaa juu ya pikipiki, nami nikamlipa yote papo hapo. Kufika adhuhuri rangi ilikuwa inabanduka kama maganda ya kitunguu, lipu ya kona ya nyuma imedondoka, na dari ya chumba cha mwanangu imelowa kwa sababu alielekeza maji juu, chini ya bati. Kurekebisha kulinigharimu zaidi ya mara tatu ya nilichomlipa. Nililia, sioni aibu kusema.

Tangu hapo nimepata utaratibu wangu. Kwenye soko la dagaa la Kibirizi, hapa Kigoma, hakuna anayenunua gunia kwa kutazama juu. Unazamisha mkono mpaka chini, unatoa wale wa chini, unawanusa, unawavunja uone kama wamekauka. Fundi wa kuosha nyumba mpime hivyohivyo.

Akifika, usimwambie kitu, mwangalie tu. Anayejua kazi hutangulia kuugusa ukuta. Huyu niliye naye sasa alipitisha kiganja kwenye rangi, akanionyesha unga mweupe uliobaki mkononi. "Mama, rangi ya upande huu imeshachoka. Nikiipiga kwa nguvu itaondoka yote. Hapa nitatumia brashi." Kisha akawa anagonga lipu kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Penye mlio wa uwazi, lipu imeachana na tofali. Akachora alama ya chaki ili asipige presha hapo. Bei aliitaja baada ya kuzunguka nyumba nzima. Moyo wangu ulitulia palepale.

Muulize swali moja: doa hili utalitoa kwa kutumia nini? Kisha umpeleke kwenye madoa matatu tofauti, maana kila doa lina dawa yake. Tope ni udongo tu, linataka maji, brashi na sabuni kidogo. Jiki hailifanyi kitu. Ukijani ni kitu hai, umejishika ndani ya vitundu vya lipu. Anayekwambia "presha itamaliza" ataukata juu tu, na mvua za kwanza zikinyesha utarudi. Huo unataka jiki iliyochanganywa na maji, ipakwe kuanzia chini kwenda juu isiache michirizi, iachwe dakika chache bila kukauka, kisha isuuzwe kuanzia juu kwenda chini. Mawese yanataka maji moto, sabuni na subira, unarudia na kurudia. Fundi mwenye jibu moja kwa madoa yote matatu, mshukuru kwa kuja na umuage.

Na asikuambie kwamba anachanganya jiki na asidi au dawa ya kusafishia choo ili "iwe kali". Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayoshambulia mapafu, yake na ya watoto wako.

Halafu mpe kipande cha majaribio, mita moja hivi, ukuta wa nyuma. Kikauke kwanza ndipo uamue. Hapo utaona pia mdomo wa mashine anaotumia: unaotoa maji kwa kutandaza kama upepeo ni sawa, unaotoa mshale mwembamba unachimba ukuta. Mdomo wa mashine ukiwa mbali kidogo na ukuta, maji yanaosha. Ukisogezwa karibu sana, yanakata.

Watu wengi husahau maji ya mvua. Kama unakinga kwenye simtanki, bomba la gata lichomolewe kabla ya kuosha paa, na lirudishwe baada ya paa kusuuzwa vizuri. Akipanda juu akanyage penye mstari wa misumari, ndipo zilipo papi, zile mbao zinazoshika bati, la sivyo bati litabonyea. Nyumba ya zamani yenye paa la asbesto usikubali ipigwe presha hata kidogo. Vumbi lake likivutwa mapafuni huleta saratani. Soketi za nje, taa na mita ya umeme ya LUKU zifunikwe nailoni na swichi kubwa izimwe. Ngazi ya chuma ikae mbali na waya wa TANESCO unaoingia nyumbani.

Sisi tunaokaa mteremkoni tuna jirani wa chini. Nilimtaarifu mama jirani siku moja kabla, akafunika mchicha wake, na fundi akachimba kijifereji cha kupitisha maji pembeni. Fundi aliyekuja na jembe bila kuagizwa, huyo mshike.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari: kuta zipi, paa limo kwenye kazi au halimo, dawa ananunua nani, akivunja kitu nani analipa. Mjumbe wa mtaa alishuhudia, na namba ya kitambulisho cha fundi niliiandika. Theluthi ya malipo nilimtumia fundi kwa simu anunue vifaa, kumbukumbu ikabaki. Nyumba alizowahi kuosha nilikwenda kuziona mwenyewe, mbili, na nilichagua aliyoiosha mwaka uliopita, siyo ya juzi.

Msimu nilioupenda ni Juni. Mvua zimekwisha, ukuta unakauka vizuri, na kama unataka kupaka rangi unaupa siku kadhaa kwanza.

Salio usilitoe siku hiyohiyo. Ukuta uliolowa wote unaonekana msafi. Mimi nilisubiri hadi asubuhi, jua lilipopiga ukuta wa jikoni nikapitisha kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya mawese. Nikampigia. Alikuja saa tatu na sufuria yake ya maji moto, akarudia mara mbili, nikapitisha kitambaa tena, ndipo nikamtumia iliyobaki.