Namna ya kuandaa kozi ya lazima kwa wanafunzi wa fani zote

Anza na swali. Kozi ya elimu ya jumla ikianza na orodha ya mada, kila idara huchomeka sura ya kwanza ya somo lake, na mwanafunzi wa uhandisi anajikuta akikariri utangulizi wa fani tano ambazo hatazisoma tena. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilipoanzisha kozi yake ya lazima mwaka 1919, chimbuko lake lilikuwa masuala ya Vita Kuu ya Kwanza. Masomo ya maendeleo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo yalishika kasi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kote kulikuwa na jambo la kujibu.

Kisha andika sentensi moja: muhula ukiisha, mwanafunzi ataweza kufanya nini? Kitenzi "kuelewa" kikwepe, maana hakuna namna ya kukisahihisha. Andika "kukagua", "kukokotoa", "kutetea hoja kwa ushahidi".

Halafu piga hesabu ya saa. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hivyo kozi ya krediti 12 ina saa 120. Kwa muhula wa wiki 15, mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1 kila wiki vinakula saa 45. Zinabaki 75, yaani saa 5 kwa wiki za kusoma, kuandika na kujiandaa na mtihani. Ukipanga kurasa 100 kwa wiki hazitasomwa; 30 zilizochaguliwa vizuri zitasomwa.

Moyo wa kozi ni mazoezi. Chukua mada ya takwimu. Wape matokeo ya sensa: mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923, mwaka 2022 watu 61,741,120. Waulize ongezeko la kila mwaka ni asilimia ngapi. Wengi watapata 37.4 kwa miaka kumi, wagawe kwa 10, waandike 3.7. Jibu ni 3.2, kwa sababu ongezeko la kila mwaka linajijenga juu ya idadi ya mwaka uliotangulia. Waache wakosee kwanza, wabishane, ndipo mwongoze. Wa fasihi na wa famasia wote wanaliweza zoezi hili, na wote watakutana na takwimu za namna hii magazetini maisha yao yote.

Semina ndipo kozi nyingi zinapofia. Wanafunzi 600 wakigawanywa 25 kwa kundi ni makundi 24. Kila mhadhiri msaidizi akibeba manne, unahitaji wasaidizi sita. Insha moja ikisahihishwa kwa dakika 15, kila msaidizi ana saa 25 za kusahihisha. Ipeleke hesabu hiyo kwenye bajeti kabla kozi haijapita seneti ya chuo. Wasaidizi wasipopatikana, insha hugeuka maswali ya kuchagua, na lengo lako la kutetea hoja linabaki kwenye karatasi tu.

Mwisho, usizirundike kozi zote za jumla mwaka wa kwanza. Stadi za mawasiliano zianze mapema, kwa kuwa kila somo linazitegemea. Maadili ya kazi yasubiri mwaka wa tatu: mwanafunzi aliyetoka mafunzo kwa vitendo ana kesi halisi ya kuleta darasani.