Somo: Kuongeza upitishaji joto wa maji kwa chembe nano

Maji hupitisha joto kwa takriban 0.6 W/mK (wati kwa mita kwa kelvini, kipimo cha upitishaji joto), ethilini glikoli, kimiminika cha kupozea injini, 0.25 tu, ilhali shaba inakaribia 400. Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani, ndiye aliyevipa vimiminika vyenye chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, jina la nanofluidi mwaka 1995. Hapa tunatumia oksidi ya alumini (alumina) kwa kuwa haina tabu.

1. Kokotoa kwa ujazo, pima kwa mizani. Lita moja yenye chembe asilimia 1 ina mililita 10 za oksidi, yaani karibu gramu 40, ndani ya mililita 990 za maji yaliyokenekwa. Usipime unga kwa kikombe, sehemu kubwa yake ni hewa.

2. Vaa barakoa. Unga huu ukivutwa pumzi si mzaha.

3. Rekebisha pH, kipimo cha ukali wa asidi. Hapa ndipo wengi huharibu. Ikikaribia 9, chembe za alumina hazibaki na chaji, basi hushikana na kuzama. Ishushe hadi 4 au 5 kwa matone ya asidi: zote zitakuwa na chaji chanya, nazo zitasukumana.

4. Vunja mabonge kwa mtambo wa ultrasauti, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika. Chombo kikae kwenye barafu, maana mtambo wenyewe huchemsha.

5. Pima upitishaji joto kwa njia ya waya moto (waya mwembamba ndani ya kimiminika unaopashwa kwa umeme huku jotoridi lake likipimwa), na upime haraka kabla maji hayajaanza kuzunguka. Yakizunguka, unapima msafara (joto linalobebwa na maji yanayosogea), si mpitisho.

MASWALI

Swali: Mbona nimepata nyongeza ya asilimia 3 tu? Wengine wanadai 30!
Jibu: Umepima vizuri. Kanuni ya mwanafizikia Maxwell ya 1873 inatoa takriban hiyo kwa chembe za mviringo. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya taasisi zaidi ya 30 zilizopima sampuli zilezile, na maajabu hayakuonekana.

Swali: Basi nitie asilimia 10?
Jibu: Mnato (uzito wa kimiminika kutiririka) utapanda kuliko faida. Pampu itakula umeme wote uliotarajia kuuokoa.

Swali: Naweza kuzuia chembe zisishikane kwa sabuni badala ya asidi? Mabomba yangu ni ya chuma.
Jibu: Kwa chuma, ndiyo, asidi itayala. Ila tarajia povu, na kwenye joto kali sabuni huachia chembe. Jaribu kwanza kwenye chupa, uipashe hadi joto la mfumo wako, uiache usiku kucha. Ukikuta tope chini, badili sabuni.