Somo: Kuondoa rangi kwenye maji kwa njia ya Fenton

Swali la "Fenton inafanywaje?" linarudi kila wiki hapa Lubumbashi, basi naliandika mara moja. Fenton ni kuchanganya chuma na peroksidi ya hidrojeni ndani ya maji yenye asidi, ili vivunje rangi. Mfano ni wa labo: lita 1 ya maji yenye bluu ya methileni, miligramu 20. Si maji ya kunywa.

1. Vaa miwani na glavu.

2. Shusha pH (kipimo cha ukali wa asidi) hadi 3 kwa asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. pH ikipita 4, chuma kinageuka matope ya rangi ya kutu, na peroksidi inaishia kutoa mapovu ya oksijeni bila kuzaa radikali za hidroksili, yaani chembe kali za muda mfupi, ambazo ndizo zinazovunja rangi. Tumia pH-mita uliyoirekebisha siku hiyo. Karatasi ya pH inanywa bluu ya maji na kukudanganya. Ukizimua, asidi ndiyo inamiminwa ndani ya maji, KAMWE usimimine maji juu ya asidi.

3. Tia miligramu 50 za sulfati ya chuma, koroga. Fuwele ziwe za kijani hafifu. Zenye ganda la kahawia zimeshaoksidika.

4. Tia mililita 3.3 za peroksidi ya asilimia 3 (ile ya farmasi, volimu 10), tone kwa tone. Ikizidi, inakula radikali zilezile unazozihitaji.

5. Koroga saa 1.

6. Pandisha pH hadi 8 kwa soda kostiki, acha matope yatue, chuja.

Maswali

Wa Katuba: pH ngapi?
— Hatua ya 2.

Wa Ruashi: Naweza kusafisha maji ya mgodi, yana shaba na kobalti?
— Hapana. Radikali inavunja molekuli za kaboni. Metali haivunjiki, inatolewa kwa kupandisha pH na chokaa, na kobalti inadai pH ya juu kuliko shaba.

Wa Kampemba: Rangi imeisha kabisa lakini DCO (oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu wa maji kwa kemikali) imepanda. Labda kiasi chako cha dawa hakifai?
— Kiasi kinafaa. Peroksidi iliyobaki inaoksidishwa na dikromati, dawa ya kupimia DCO, nayo inahesabiwa kama uchafu. Imalize kwanza, ndipo upime. Tena, maji kuwa meupe haimaanishi ni safi: vipande vya molekuli vinaweza kubaki bila rangi.

Mwanafunzi wa kemia: Yaya, kwa nini si asidi ya kloridriki? Hiyo ndiyo tunayo.
— Swali zuri sana, mdogo wangu. Kloridi inanasa radikali kabla hazijafika kwenye rangi. Sulfati haisumbui kama kloridi.

Mwanafunzi wa kemia: Aksanti. Na jua linasaidia?
— Sana. Mwanga unarudisha Fe³⁺ (chuma kilichooksidika) kuwa Fe²⁺ (chuma cha mwanzo, kinachozaa radikali), kwa hiyo chuma kidogo kinafanya kazi tena na tena na matope yanapungua. Kiangazi chetu, mbingu ikiwa wazi, weka beseni pana la plastiki jeupe, maji yasizidi kina cha vidole vitatu. Chupa ya peroksidi, yenyewe, iache kivulini.