Jinsi ya kujua programu ya ushauri inaishia wapi

Hizi programu zinazokushauri uamue nini, iwe ni dawa, mkopo au nani aajiriwe, zina tabia moja mbaya sana, ukiziuliza kitu zisichokijua nyingi hazisemi sijui, zinajibu tu vilevile kama kawaida na wewe unaona iko vizuri. Kwa hiyo mpaka wake utautafuta mwenyewe.

Anza kwa kuipa kesi ambazo majibu yake unayajua tayari, halafu chomekea na ya kijinga kabisa, mfano mteja wa miaka 300. Ikimeza bila kuuliza ushajua unadili na nani. MYCIN, ile programu ya Chuo Kikuu cha Stanford ya miaka ya 1970 ya kushauri dawa za bakteria, John McCarthy, mtaalamu wa akili bandia, alionyesha kwamba ukiipelekea mgonjwa wa kipindupindu inakupa tetracycline wiki mbili basi, bakteria watakufa kweli ila mgonjwa atakuwa kashatangulia zamani. Ilijua bakteria, mambo ya mtu kuishiwa maji mwilini hayakuwemo.

Ikianza kukupigia kengele kwamba fulani ana tatizo, uliza hili tatizo lenyewe linatokea mara ngapi. Tuseme kwenye watu 1000 wenye tatizo ni 10, programu inakamata 9, safi, lakini inawasingizia wazima 10 kwa kila 100, na wazima wako 990, yaani 99 wanasingiziwa, hapo una kengele 108 na za kweli ni 9 tu. Ndo maana watu wanaishia kuzibofya zote zipotee, na ile ya kweli inapotelea humohumo.

Jibu lako liandike kabla hujatazama skrini. Hii wengi wanairuka eti inapoteza muda, lakini ukishaona jibu la mashine akili inaanza kulitafutia sababu, utajikuta unakubali kitu ambacho ungekuwa peke yako ungekikataa.

Sasa na kinyume chake kipo, ikikosea mara moja tu mtu anaisusa jumla. Mtafiti Dietvorst na wenzake mwaka 2015 waliliona hilo hata pale programu ilipokuwa inawazidi watu. Weka daftari basi, makosa yake huku, yako kule (usijipendelee), hesabu baada ya muda.

Na wakiiapdeti rudia zile kesi zako za mwanzo zote, hata ya yule wa miaka 300.