Redio ya Gari Inayozima Unaporusha: Namna ya Kutafuta Chanzo

Ikiwa redio yako ya ridhaa (ya mawasiliano ya wapenzi wa redio wenye leseni) iliyofungwa garini inapokea vizuri, lakini ukibonyeza kitufe cha maikrofoni skrini inazima, kisha inawaka tena mara tu unapokiachia, usiifungue wala usiipeleke kwa fundi kabla hujapima volti zinazoifikia wakati inarusha, yaani inatuma mawimbi. Redio ya VHF (masafa ya juu sana) ya wati 50 hutumia chini ya ampea 1 inapopokea, ila ikirusha kwa nguvu zote huvuta ampea 10 hadi 12, na ile ya HF (masafa ya juu) ya wati 100 hufika ampea 20 au zaidi. Kiungo kibovu cha waya kinaweza kupitisha hiyo ampea moja kwa miezi mingi bila dalili yoyote, na ndiyo maana redio nzima hulaumiwa bure.

Andaa multimita, waya mwembamba mrefu wa kurefushia kipimio, msasa, spana namba 10 na mtu wa kukusaidia kubonyeza maikrofoni.

Hatua ya 1: Punguza nguvu. Tafuta masafa yasiyotumika kati ya 144 na 146 MHz, taja alama yako ya kituo (kwa Tanzania huanza na 5H), kisha rusha kwa wati 5. Ikiwa redio inavumilia wati 5 na kuzima kwenye 50, endelea na hatua zinazofuata kwa utaratibu. Usijaribu kamwe kurusha bila antena kwa lengo la kupima, kwa sababu unaweza kuunguza transista za mwisho, zile zinazotoa nguvu ya kurusha, na kujiongezea tatizo la pili.

Hatua ya 2: Pima kwenye plagi ya umeme iliyo nyuma ya redio, injini ikiwa imezimwa. Soma volti wakati redio inapokea, kisha msaidizi abonyeze maikrofoni nawe usome tena. Redio nyingi zimeundwa kwa volti 13.8 na huruhusu kushuka hadi takriban 11.7, ukiona namba inaporomoka chini ya hapo pale pale inapozima, tatizo liko nje ya redio. Kuwa mwangalifu vipimio viwili visigusane.

Hatua ya 3: Rudia kipimo hicho kwenye betri, ukigusa nguzo zenyewe za risasi na si vibanio vinavyozishika. Betri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 ikiwa imetulia, na injini ikiwaka alteneta huipandisha kati ya 13.8 na 14.4. Kama betri yenyewe inaanguka chini ya 11.7 kwa mzigo wa ampea 11 tu, imechoka. Joto la Dar es Salaam hufupisha maisha ya betri, na magari mengi madogo yanayotoka Japani huja na betri ndogo.

Hatua ya 4: Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Betri ikiwa nzima huku redio ikikosa volti, maana yake volti zinapotea njiani, na multimita inaweza kukuonyesha mahali zinapopotelea. Weka kipimio kimoja kwenye chanya ya betri na kingine, kwa kutumia ule waya mrefu, kwenye chanya ya redio. Msaidizi arushe, nawe usome. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Katika pikapu moja ya Kigamboni, betri ilisimama kwenye 12.4 na redio ikapata 10.6, upande wa hasi ulipoteza volti 0.2, upande wa chanya 1.6. Niliposogeza kipimio kiungo kwa kiungo, karibu volti zote hizo zilipatikana kati ya miguu miwili ya kishikilia fyuzi. Nilipokifungua, fyuzi ilikuwa nzima kabisa, lakini plastiki ya mguu mmoja ilikuwa imegeuka kahawia na shaba yake imefunikwa unga wa kijani. Hewa ya chumvi ya pwani huanzia mahali kama hapo, kwa hiyo usiridhike kuitazama fyuzi pekee, kagua kinachoishikilia.

Hatua ya 5: Kagua waya. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye redio, hupoteza karibu volti 1.9 kwa ampea 11 katika safari ya kwenda na kurudi. Wa milimita 6 hupoteza kama 0.3 tu. Unaponunua Kariakoo, kwangua nyuzi kwa kisu kabla hujalipa. Zikitokea nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupoteza umeme zaidi na viungo vyake huharibika mapema. Tundu la kuwashia sigara halifai kwa wati 50, hata kama ndiyo njia rahisi. Vuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ya chanya ikae karibu na betri ili iulinde waya wote.

Hatua ya 6: Safisha ethi, yaani mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Kama kibanio cha hasi kina kihisi cha betri, funga hasi ya redio kwenye bodi, pale waya wa ethi ya betri unapofungwa, ili kihisi kisome matumizi sawasawa.

Hatua ya 7: Volti kwenye plagi zikibaki juu ya 11.7 na redio bado inazima, ondoa antena na ufunge mahali pake mzigo bandia (kifaa kinachopokea nguvu ya redio badala ya antena) wa omu 50 unaohimili wati 50. Isipozima tena, mawimbi ya antena yanairudia redio: kagua kiungo cha antena na bodi, kebo na plagi zake, na usiiweke antena karibu na nyaya za umeme wa redio. Ikizima hata kwenye mzigo bandia, hapo ndipo iende kwa fundi, pamoja na karatasi yenye volti ulizosoma kwenye plagi wakati wa kupokea na wakati wa kurusha, ili asianze kwa kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.